Shajara ya mradi: kusoma joto la kikaushio cha chai kutoka kwenye PLC kwa Python

5 Februari 2024: lengo, vifaa na masharti

Kiwanda ninachofanyia kazi, katika milima ya Usambara, hukausha chai kwa kikaushio cha hewa moto kinachoendeshwa na kidhibiti cha Siemens S7-1200, CPU 1214C, ambacho mafundi wote hapa wanakiita PLC tu. Joto la hewa inayoingia na la hewa inayotoka huonekana kwenye skrini ya kugusa iliyo mlangoni mwa chumba cha kukaushia, na opereta wa zamu huliandika kwenye daftari kila nusu saa. Daftari hilo huandikwa kwa uangalifu mkubwa, lakini chai inaweza kuungua, au kutoka ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache, na kati ya mstari mmoja wa daftari na unaofuata hakuna ushahidi wowote wa kilichotokea. Lengo la mradi huu ni kusoma thamani hizo hizo kila sekunde kupitia mtandao, kuzihifadhi, na kumwezesha msimamizi wa zamu kuziona asubuhi kama mchoro mmoja wa usiku mzima.

Njia mbili zilifikiriwa. Ya kwanza ni OPC UA, itifaki ya pamoja ya mawasiliano ya mashine za viwandani, ambayo ina uthibitisho wa mtumiaji na usimbaji wa mawasiliano, lakini kwenye S7-1200 huduma hiyo ilianza na programu thabiti (firmware, programu ya ndani ya kifaa) ya toleo la V4.4 na huhitaji leseni. Kidhibiti chetu kina toleo la zamani zaidi. Ya pili ni itifaki ya S7 yenyewe, inayopita kwenye mlango wa TCP namba 102, ambayo lugha ya programu ya Python huifikia kwa maktaba ya python-snap7, iliyojengwa juu ya Snap7 ya Davide Nardella na isiyo na malipo. Tumechagua ya pili, tukijua kwamba ulinzi wake ni mdogo na kwamba pengo hilo litalazimika kuzibwa kwa mpangilio wa mtandao.

Fundi mkuu wa umeme ametoa masharti mawili ambayo yataongoza kila hatua: programu yetu itasoma tu na haitaandika chochote kwenye kidhibiti, na hakuna kitakachopakiwa kwenye kidhibiti wakati chai imo ndani ya kikaushio.

Gharama hadi sasa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 pamoja na kasha na chaja yake, shilingi 320,000, kadi ya kumbukumbu ya GB 32, shilingi 25,000, swichi ya milango mitano, shilingi 38,000, na kebo ya mtandao ya mita 20, shilingi 30,000.

8 Februari 2024: kidhibiti kinapokea simu lakini hakijibu maswali

Raspberry Pi ilipewa anwani ya kudumu 192.168.0.50 kwenye mtandao wa kidhibiti, ambacho kiko 192.168.0.1, na ping ilijibiwa mara moja. Muunganisho wa Snap7 huhitaji pia namba ya raki na namba ya nafasi, yaani mahali CPU ilipo kwenye fremu ya kidhibiti. Mifano mingi inayosambazwa iliandikwa kwa ajili ya S7-300, ambayo CPU yake hukaa kwenye nafasi ya 2, na anayeinakili hukwama hapo. Kwa S7-1200 na S7-1500 sahihi ni raki 0, nafasi 1. Kwa namba hizo muunganisho ulikubaliwa.

Ombi la kwanza la kusoma bloku ya data, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kidhibiti inayoshika thamani, hata hivyo, lilikataliwa, na kila lililofuata likakataliwa vilevile. Nataka anayefuata kazi hii aone tofauti hiyo waziwazi, kwa sababu ni rahisi kutafuta kosa kwenye kebo au kwenye Python wakati halipo huko. Kuunganishwa kunathibitisha tu kwamba mlango wa 102 uko wazi na kwamba raki na nafasi ni sahihi. Ruhusa ya kusoma kumbukumbu ni jambo jingine, nalo liko ndani ya kidhibiti chenyewe kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba tangu toleo la V4, kidhibiti hakimruhusu mgeni kutumia mawasiliano ya PUT/GET, yaani kuandika na kusoma kumbukumbu yake kupitia mtandao, mpaka mwenye programu aweke alama ya kuruhusu katika TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandalia vidhibiti, kwenye sehemu ya ulinzi ya mipangilio ya CPU. Sababu ya pili ni kwamba bloku za data zinazotengenezwa kwa chaguo la kawaida la TIA Portal ni zile zilizoboreshwa, ambazo vigezo vyake havina anwani ya kudumu. Kidhibiti huvipanga kinavyoona vyema, na mtu wa nje anayeomba "baiti ya 4 ya bloku namba 10" anaomba kitu kisichokuwepo.

11 Februari 2024: siku ya usafi

Kuruhusu PUT/GET ni badiliko la mipangilio ya vifaa, na kupakia mipangilio hiyo hulazimisha CPU kusimama. Kwa hiyo tulisubiri Jumapili, kiwanda kikiwa kwenye usafi na tanuri likiwa limepoa. Kabla ya kupakia chochote, programu iliyokuwa ndani ya kidhibiti ilichukuliwa na kulinganishwa na nakala ya ofisini, ili tuwe na hakika kwamba tunaanzia mahali pamoja. Nashauri hatua hiyo isirukwe na yeyote, hata kama nakala ya ofisini ina tarehe ya karibuni.

Kuhusu bloku za data, wazo la kwanza lilikuwa kuondoa alama ya uboreshaji kwenye bloku iliyopo ya kikaushio. Fundi mkuu alilikataa, na alikuwa na sababu nzuri. Muundo wa bloku ukibadilishwa na kupakiwa, thamani zake hurudi kwenye zile za mwanzo, na bloku hiyo ndiyo inayoshika viwango vyote vya joto vilivyowekwa na waopereta kwa miaka. Badala yake tumetengeneza bloku mpya, DB100, isiyoboreshwa, ambayo programu ya kidhibiti hunakilia thamani tunazozitaka katika kila mzunguko. Haina kazi nyingine, wala hakuna sehemu ya programu inayoisoma, hivyo hata mtu akiiharibu, kikaushio kitaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mpangilio wake ni huu (Real ni namba yenye desimali ya baiti 4, Int ni namba kamili ya baiti 2, na DInt ni namba kamili ya baiti 4): joto la kuingia ni Real kwenye baiti ya 0; joto la kutoka ni Real kwenye baiti ya 4; kasi ya feni ni Real kwenye baiti ya 8; hali ya mashine ni Int kwenye baiti ya 12; biti za feni na za king'ora ziko kwenye baiti ya 14; na kihesabio cha DInt kinachoongezeka kwa moja kila sekunde kiko kwenye baiti ya 16. Baiti ya 15 haina kitu, kwa sababu kigezo kinachofuata biti huanzia kwenye baiti shufwa. Jumla ni baiti 20, chini sana ya baiti 222 ambazo S7-1200 inaweza kuzitoa katika jibu moja, hivyo zote husomwa kwa ombi moja badala ya kuombwa moja moja.

Kihesabio kilifanywa DInt kwa makusudi. Int ya biti 16 hufika 32,767, yaani ingejaa katika muda wa saa tisa hivi.

PUT/GET ikisharuhusiwa, yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza pia kuandika kwenye kidhibiti bila kuulizwa nywila. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kililenga vidhibiti vya Siemens vya familia zilizotangulia hii, na kilionyesha kwamba mashine inaweza kuharibiwa huku skrini ikionyesha kuwa mambo ni shwari. Kwa hiyo mtandao wa kidhibiti umebaki peke yake kwenye swichi yake: umeunganisha kidhibiti, skrini ya kugusa na Raspberry Pi tu. Waya wa Pi upande huo hauna anwani ya ruta, upande wa ofisi unapita kwenye Wi-Fi, na upitishaji wa pakiti kati ya pande hizo mbili umezimwa.

14 Februari 2024: sifuri zilizoficha joto la nyuzi 98

Usomaji wa kwanza uliokubaliwa ulitoa baiti 20 kamili, na Python ikaonyesha joto la kuingia kuwa 0.0, wakati skrini ya kugusa ilionyesha nyuzi 98.5. Dhana ya kwanza iliyotolewa chumbani ilikuwa kwamba bloku hainakiliwi. Hiyo ilipimwa kwa kuchapisha baiti zenyewe kabla hazijatafsiriwa, na zikaonekana 42 C5 00 00, ambazo ndizo 98.5 hasa kwa IEEE 754, mfumo wa kuandika namba za desimali kwa baiti. Thamani ilikuwa imefika salama. Iliyopotoka ni tafsiri yake.

Kidhibiti hutuma baiti yenye uzito mkubwa kwanza, ilhali Raspberry Pi, kama kompyuta nyingi, huhifadhi kwa mpangilio wa kinyume. Bila maelekezo, moduli ya Python ya struct, inayogeuza baiti kuwa namba, hufuata mpangilio wa kompyuta yenyewe, na baiti hizo zikisomwa kinyume huwa takriban 7.08 × 10⁻⁴¹, namba ndogo kiasi kwamba ukiionyesha kwa desimali moja ni sifuri. Ingekuwa heri kama ingetoka namba ya ajabu, kwa kuwa namba ya ajabu humshtua mtu, lakini 0.0 hufanana na kihisi kilichokatika waya, na fundi angeweza kupoteza zamu nzima akifungua maboksi. Alama moja ya > mbele ya muundo humaliza tatizo:

```python
import struct
import snap7

plc = snap7.client.Client()
plc.connect("192.168.0.1", 0, 1)      # raki 0, nafasi 1

baiti = plc.db_read(100, 0, 20)       # DB100, kuanzia 0, baiti 20
(kuingia, kutoka, feni,
 hali, biti, kihesabio) = struct.unpack(">fffhBxi", baiti)

feni_inazunguka = bool(biti & 1)
```

Herufi x huruka baiti ya 15. Nimeiacha amri ya kuchapisha baiti ghafi ndani ya skripti kama chaguo la kuwashwa, kwa sababu ndiyo inayotenganisha haraka tatizo la mtandao na tatizo la tafsiri.

22 Februari 2024: namba sahihi ya kitu kisicho sahihi

Sasa kila thamani iliyosomwa na Python ililingana na skrini ya kugusa, na wengi walidhani kwamba hatua hii imekwisha. Lakini skrini na Python vinakunywa kisima kimoja. Kulingana kwao kunathibitisha kwamba tunasoma alichonacho kidhibiti, wala hakuthibitishi kwamba alichonacho kidhibiti ni joto halisi la hewa. Tuliazima kipimajoto cha rejea na kukiingiza kwenye tundu la kupimia, kando ya kila kihisi.

Upande wa kuingia tofauti haikufika nyuzi moja. Upande wa kutoka, kipimajoto kilionyesha 55 na kidhibiti 41.2. Asubuhi, kikaushio kikiwa baridi, kipimajoto kilionyesha 24 na kidhibiti 18. Tofauti ya nyuzi kwenye vipimo hivyo viwili si sawa, lakini uwiano ni uleule, robo tatu, na hapo ndipo palipotuelekeza. Kihisi kilichochoka mara nyingi huongeza au hupunguza nyuzi fulani. Uwiano usiobadilika huashiria hesabu.

Fundi mkuu alipima mkondo wa transmita, kifaa kinachogeuza joto la kihisi kuwa mkondo wa umeme, na kupata mA (miliampia) 8.4 wakati kipimajoto kikisoma 55. Kwa transmita ya mA 4 hadi 20 inayowakilisha nyuzi 0 hadi 200, mA 8.4 ni nyuzi 55 kamili, na kibandiko cha transmita kinasema hivyo hivyo. Moduli ya kuingiza mawimbi, SM 1231, huugeuza mkondo huo kuwa namba kati ya 0 na 27,648, na ilikuwa ikitoa takriban 7,603, ambayo nayo ni sahihi. Kilichobaki ni ukokotoaji ndani ya programu, ambao ulikuwa umeandikwa kwa transmita ya nyuzi 0 hadi 150: 7,603 ukigawa kwa 27,648 na kuzidisha kwa 150 unapata 41.2. Inaonekana transmita iliwahi kubadilishwa bila programu kuguswa.

Kurekebisha kunahitaji namba moja tu ibadilishwe, lakini hatukuibadilisha siku hiyo, na naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi. Waopereta wamezoea kwamba chai nzuri hutoka skrini ikionyesha 41 au 42, na king'ora cha hewa ya kutoka kimewekwa kwenye 48, ambayo kwa kweli ni nyuzi 64. Ukokotoaji ukirekebishwa peke yake, king'ora kingelia mfululizo kwenye chai isiyo na tatizo lolote, na waopereta wangezoea kukipuuza. Mabadiliko yote mawili lazima yaende pamoja, baada ya zamu zote kuelezwa.

Kwa upande wa data, tumeongeza namba ghafi za mawimbi yote mawili mwishoni mwa DB100, kwenye baiti za 20 na 22, hivyo urefu sasa ni baiti 24 na muundo ni >fffhBxihh. Kwa kuwa zimeongezwa mwishoni, anwani za zamani hazikubadilika. Thamani ghafi ikihifadhiwa, joto linaweza kukokotolewa upya wakati wowote kosa kama hili likigunduliwa.

9 Machi 2024: mstari mnyoofu

Skripti imekuwa ikiendeshwa mfululizo kwa muda sasa, na udhaifu wake umejitokeza mmoja baada ya mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa wa kawaida: umeme ulipokatika na kurudi, muunganisho ulivunjika na skripti ikafa. Sasa kosa la mawasiliano hukamatwa, muunganisho wa zamani hufungwa, na mpya hujaribiwa baada ya sekunde 2, kisha 4, hadi kikomo cha sekunde 30. Systemd, msimamizi wa huduma za Linux kwenye Pi, nayo huiamsha skripti ikizimika kabisa. Kufunga muunganisho wa zamani si pambo. Kidhibiti kina idadi maalumu ya miunganisho, na skripti ya majaribio iliyofungua mpya kwa kila usomaji bila kuifunga ilifikia mahali ikakataliwa.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Mchoro wa mchana mmoja ulionyesha joto la kuingia likiwa limesimama kwenye thamani moja kwa zaidi ya saa, bila kupanda wala kushuka hata sehemu ya kumi. Muda huo kikaushio kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na CPU ilikuwa imeachwa katika hali ya STOP. Kidhibiti kilicho katika STOP hakiendeshi programu, lakini kinaendelea kujibu maombi ya mtandao, na hujibu kwa thamani za mwisho zilizobaki kwenye kumbukumbu. Hakuna kosa linaloripotiwa, muunganisho ni mzima, na baiti zinafika zote. Ni data ya wakati uliopita inayoingia kwenye hifadhidata ikiwa na saa ya sasa.

Kwa hali kama hii ndipo kihesabio kinapostahili baiti zake nne. Skripti sasa hulinganisha kihesabio cha usomaji huu na cha uliotangulia, na kikikaa bila kubadilika kwa sekunde 5, safu huandikwa bila joto lolote, ikiwa na alama ya "kidhibiti hakihesabu". Ulinganisho ni wa kutofautiana tu, si wa kuongezeka, kwa sababu kihesabio hurudi sifuri baada ya kidhibiti kuwashwa upya. Kwenye mchoro, muda huo huonekana kama pengo. Wapo waliopendelea mstari uunganishwe ili mchoro upendeze, lakini pengo ndilo jibu la kweli, na msimamizi wa zamu ameomba libaki.

27 Machi 2024: saa na kadi

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, bali hupata saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi huendelea na saa ya kabla ya kuzimika, na safu za dakika hizo huandikwa kwenye wakati usio wake. Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, shilingi 12,000, imeondoa tatizo hilo. Nyakati zote huhifadhiwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na saa tatu za Afrika Mashariki huongezwa wakati wa kuonyesha tu.

Data inaingia kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja. Kuandika kila sekunde ni maandiko 86,400 kwa siku, mzigo usiofaa kwa kadi ya kumbukumbu, hivyo safu hukusanywa na kuandikwa kwa pamoja kila dakika moja, katika hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika ghafla tunaweza kupoteza dakika moja, na kwa masika haya yenye radi tumeamua kununua UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) kwa shilingi 180,000. Jumla ya fedha zilizotumika imefika shilingi 605,000.

14 Aprili 2024: ukokotoaji umerekebishwa

Majani ni mengi msimu huu na nafasi ya kusimamisha kikaushio ilikuwa finyu, lakini leo, wakati wa usafi, ukokotoaji wa hewa ya kutoka umewekwa kwenye 0 hadi 200 na king'ora kwenye 64, vyote katika upakiaji mmoja. Karatasi yenye namba za zamani na mpya imebandikwa kando ya skrini, na waopereta wa zamu zote waliipitia pamoja na fundi mkuu kabla ya kuwasha. Kipimajoto cha rejea na kidhibiti sasa vinatofautiana kwa chini ya nyuzi moja kwenye joto la kazi.

Safu za kabla ya leo hazijafutwa wala kuandikwa upya. Jedwali limepewa safuwima ya toleo la ukokotoaji: 1 kwa data ya zamani, 2 kwa mpya, na hoja inayochora mchoro huzidisha joto la kutoka la toleo la 1 kwa 200 na kugawa kwa 150. Mahali ambapo namba ghafi zipo, matokeo yamelinganishwa nazo na yanakubaliana.

Kinachofuata ni kikaushio cha pili, chenye kidhibiti cha aina ileile. Bloku yake itakuwa pia DB100 yenye mpangilio uleule, ili skripti ibadilishiwe anwani tu, na kipimajoto cha rejea kitaingizwa kwenye matundu yake kabla ya safu ya kwanza kuhifadhiwa.